Madoa kwenye miche ya nyanya: geuza jani kwanza, dawa baadaye

Mvua za vuli zikianza kunyesha, vibaraza vya nyumba nyingi za Tanga hujaa ndoo zilizotoboka, sufuria chakavu, viroba vya unga na makopo yaliyojazwa udongo. Humo ndimo miche ya nyanya inamokuzwa, kuanzia Makorora na Mikanjuni hadi Pongwe na Maweni. Kwa baadhi ya familia ni kiungo cha mchuzi tu. Kwa nyingine ni hesabu kamili: mbegu inayosiwa mwanzoni mwa Oktoba huhamishiwa bustanini baada ya wiki nne, na kufikia mwishoni mwa Januari nyanya za kwanza zinapelekwa sokoni, wakati ule ule sare, madaftari na michango ya shule vinapomsubiri mzazi.

Kisha asubuhi moja, siku ya 15 au ya 20 tangu mbegu zichipue, madoa yanaonekana. Jana hayakuwepo. Mama anachuma jani moja, analifunga kwenye kipande cha gazeti na kwenda nalo duka la pembejeo.

"Kaka, nyanya zangu zina madoa."

"Chukua hii, dada. Kifuniko kimoja kwa ndoo, piga jioni jua likishapoa."

Mazungumzo yameisha ndani ya dakika moja. Hakuna aliyeuliza kama madoa yameanza jani la juu au la chini, kama upande wa chini wa jani kuna kitu, wala maji ya kumwagilia yanatoka wapi. Dawa inaingia nyumbani, mara nyingine ikiwa imepimwa kutoka chombo kikubwa na kutiwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Inapigwa barazani, pale pale mtoto wa miaka mitatu anapochezea mchanga na kuku wanapodonoa, hatua mbili kutoka kwenye mchicha utakaochumwa kwa ajili ya chakula cha mchana. Na mara nyingi madoa yenyewe hayakuhitaji dawa ile, au hayakuhitaji dawa yoyote.

Madoa ya miche yana sababu nyingi. Mengine ni ukungu, mengine ni bakteria, mengine ni mdudu aliyejificha ndani ya jani, na mengine si ugonjwa kabisa bali ni jua, chumvi au mkono wa mwenye miche. Kila sababu ina alama yake, na alama hizo zinaonekana kwa macho bila kifaa chochote, mradi mtu ainame, aligeuze jani na kuliangalia pande zote mbili kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Yaanzwe yasiyo na hatia. Mche wa nyanya huchipua na majani mawili membamba yasiyo na meno pembeni. Hayo ni majani ya mbegu, akiba ya kuanzia maisha. Majani halisi yenye meno yakishatoka, yale mawili ya mwanzo huanza kuwa ya njano, hupata madoa, hunyauka na kudondoka. Ni kawaida kabisa. Wapo wanaong'oa miche mizima kwa sababu hiyo tu.

Jua nalo hubabua. Mche uliolelewa chini ya mwembe au ndani ya baraza ukitolewa ghafla kwenye jua la saa saba mchana, majani hupata mabaka meupe makavu kama karatasi, hasa upande ulioelekea jua. Mabaka hayo hutokea yote kwa pamoja ndani ya siku moja au mbili, kisha hayaongezeki. Majani mapya yanayotoka baadaye ni safi. Dawa yake ni kuzoesha: saa moja ya jua la asubuhi siku ya kwanza, mbili siku ya pili, hivyo hivyo hadi wiki iishe.

Chumvi ni habari ndefu zaidi, na ni habari ya pwani. Kuanzia Moa kule Mkinga, kupitia Sahare na Tongoni, hadi Pangani, visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji yenye chumvi, na kiangazi kikikolea chumvi huongezeka. Akina mama wa huko wanayajua maji hayo bila kuambiwa: sabuni haitoi povu na chai haina ladha. Mche mchanga hauyapendi. Ncha na kingo za majani hukauka na kuwa za kahawia, kuanzia majani ya chini, huku katikati ya jani kukibaki kijani. Juu ya udongo au kwenye ukingo wa ndoo hujengeka utando mweupe kama unga. Anayeuona utando huo asitafute dawa ya ukungu. Atafute maji baridi yasiyo na chumvi, ayamwage polepole hadi yatoke kwenye matundu ya chini ya ndoo, arudie mara mbili tatu, kisha aendelee na maji ya mvua au ya bomba. Wakazi wa jiji wana bahati ya maji ya bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi. Ambao bomba halijawafikia wanaweza kukinga maji ya paa, na ndoo mbili za lita 20 zinatosha miche 50 kwa siku nyingi.

Chumvi hiyo hiyo huingia kwa mlango mwingine ambao wengi hawaufikirii. Vumbi la makumbi ya nazi ni udongo mzuri wa kitalu, jepesi na linashika maji. Lakini pwani makumbi ya kutengenezea kamba hufukiwa kwenye tope la ufukweni kwa miezi kadhaa hadi yalainike ndipo yapondwe. Vumbi linalotokana na makumbi ya namna hiyo limelowa maji ya bahari. Lioshwe kwa maji baridi mara tatu, likamuliwe, ndipo lichanganywe na udongo. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa, hata kama umesimama juani mwaka mzima.

Na kuna madoa ya kujitakia. Majivu yakinyunyizwa juu ya majani yenye umande ili kufukuza wadudu huweza kuyababua. Sabuni ya unga ikiwekwa nyingi kwenye maji ya kupulizia hufanya vivyo hivyo, hasa mchana. Doa la aina hii hufuata mahali tone lilipotua, na hutokea siku inayofuata baada ya kunyunyiza. Mwenye miche akikumbuka alichofanya juzi, jibu analo.

Sasa wadudu. Hapa ndipo kugeuza jani kunapolipa.

Jani likiwa na baka jeupe au la kahawia hafifu, kama kijidirisha cha nailoni, lishikwe kuelekea jua. Ndani, kati ya ngozi ya juu na ya chini ya jani, huonekana vichembe vyeusi vya kinyesi na pengine kiwavi mdogo wa kijani. Huyo ni kantangaze, ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika Kusini. Aligundulika Hispania mwaka 2006, akasambaa nchi za Mediterania na Afrika, na mwaka 2014 akathibitishwa Tanzania. Wakulima wa nyanya hawajausahau msimu ule. Kiwavi aliye ndani ya jani amekingwa na jani lenyewe, ndiyo maana dawa nyingi za kupulizia hupita juu tu, na katika nchi nyingi amekwisha kuwa sugu kwa baadhi ya viuatilifu. Kwa ndoo kumi za barazani njia ya haraka ni vidole. Jani lenye kijidirisha likatwe, litiwe kwenye chupa tupu ya maji yenye kifuniko, chupa ifungwe na kuachwa juani siku mbili. Lisitupwe chini, kwa sababu kiwavi hutoka na kutafuta jani jingine. Chandarua chakavu cha kitandani hakifai kumzuia isipokuwa matundu yake yawe madogo sana na kingo zifukiwe udongoni, kwani nondo wake ni mdogo na hutembea usiku.

Mistari myeupe iliyojipindapinda kama njia ya konokono ni ya mdudu mwingine, funza wa nzi mdogo. Huchukiza kuutazama mche wake lakini ni nadra kuuua. Jani likatwe, shughuli iishe.

Vidoti vidogo mno vya njano, kama jani limechomwa sindano mara mia, huwa ni utitiri. Chini ya jani kuna vumbi linalotembea na pengine utando mwembamba kama wa buibui. Hawa hupenda miezi ya kaskazi, Januari na Februari, wakati wa ukavu na joto. Maji yakirushwa kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi kwa siku tatu hupunguza wengi. Kwa wadudu wa namna hii majani ya muarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku kucha na kuchujwa, husaidia. Mti huo umejaa Tanga na sifa yake ni kutibu maradhi arobaini, lakini madoa ya ukungu na bakteria kwenye nyanya hayamo katika hayo arobaini, hata watu waseme nini.

Majani yenye mabaka ya njano yaliyojikunja kwa juu kama kijiko, huku mche ukidumaa, ni jambo jingine. Wakulima wengi huita rasta. Ni virusi, na huletwa na nzi weupe, wadudu wadogo kama unga wanaoruka mche ukitikiswa. Hakuna dawa inayoponya mche wenye virusi. Hung'olewa, na nzi weupe hupigwa vita.

Watu wa Tanga wana historia na mdudu huyu kuliko wanavyojua. Mwaka 1894 Mjerumani aliyeitwa Warburg aliandika juu ya ugonjwa uliokuwa unakunja na kutia mabaka majani ya mihogo katika maeneo haya ya Afrika Mashariki, na maandishi yake huhesabiwa kuwa ya kwanza duniani kuhusu ugonjwa unaoitwa leo batobato. Miaka minane baadaye, 1902, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea Amani, juu ya Muheza. Ni huko Amani, chini ya Waingereza katika miaka ya 1930, ndipo Storey na Nichols walipofanya kazi iliyoonyesha kuwa batobato hubebwa na nzi weupe, na ndipo mihogo inayostahimili ugonjwa ilipozalishwa kwa kuichanganya na mpira wa porini. Mtoto wa darasa la sita anayeishi Muheza anaweza kuambiwa hilo bila kuongeza chumvi. Mzazi asiogope lakini kwamba mihogo ya jirani itaambukiza nyanya zake. Virusi vya batobato ni vya mihogo, na vya rasta ni vya nyanya. Kinachofanana ni mbebaji.

Baada ya hayo yote ndipo yanabaki madoa ambayo ni ugonjwa wa ukungu au bakteria. Katika joto na unyevu wa Tanga ni ya kawaida, kwa sababu kinachoyalisha ni jani lililolowa kwa saa nyingi, na usiku wa pwani una umande hata siku isiyo na mvua.

Bakajani tangulia huanza majani ya chini. Doa lake ni la kahawia na ndani yake lina duara ndani ya duara, kama shina la mti lililokatwa kwa msumeno, na pembeni jani huwa la njano. Kwenye miche michanga huweza pia kushambulia shina pale linapotoka udongoni, likawa jeusi na kubonyea. Mche wa hivyo hauponi. Madoa madogo ya mviringo yenye katikati ya kijivu na vidoti vyeusi kama punje za pilipili manga iliyosagwa ni ukungu wa aina nyingine, nao huanza chini na kupanda.

Madoa ya bakteria ni madogo zaidi, meusi au ya kahawia iliyokoza, yana sura ya kulowa mafuta yakitazamwa kwa chini, na mara nyingi yamezungukwa na njano. Hayana maduara ndani. Yanaweza kutokea hata kwenye majani machanga ya juu. Ugonjwa huu hupenda joto na mvua za kurushwa na upepo, kwa hiyo uko nyumbani hasa ukanda huu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wameandika juu ya magonjwa ya madoa ya bakteria kwenye nyanya nchini, na jambo moja muhimu ni kwamba husafiri ndani ya mbegu. Mbegu zilizokamuliwa kutoka nyanya ya sokoni zinaweza kuwa zimebeba ugonjwa kabla hazijaona udongo. Mbegu zenye lebo ya TOSCI ni ghali kidogo, lakini pakiti moja huota miche ya mtaa mzima. Anayependa kukamua zake mwenyewe kutoka aina kama Tanya au Tengeru 97, ambazo si chotara, achague tunda la mche usio na doa hata moja. Wataalamu hutibu mbegu kwa maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25. Bila kipimajoto jambo hilo lisijaribiwe, mbegu zitapikwa.

Ukiona shina la mche limenywea kama uzi usawa wa udongo na mche umelala chini, hapo suala si jani tena. Hicho ni kinyausi. Maji yamezidi, miche imesongamana, na udongo una ukungu wa kuozesha. Iliyolala itolewe pamoja na udongo wake, na iliyosimama ipunguziwe maji siku hiyo hiyo.

Yakishatambulika kuwa ni ukungu au bakteria, kazi ya kwanza ni kutenga. Ndoo yenye mgonjwa ipelekwe upande mwingine wa nyumba. Majani yenye madoa yakatwe majani yakiwa makavu, si asubuhi na umande, kwa sababu vidole vilivyogusa tone la jani gonjwa hupanda ugonjwa kwenye kila mche unaofuata. Mikono ioshwe kwa sabuni. Baba anayevuta sigara au babu anayenusa ugoro naye anawe kabla ya kugusa miche, kwani tumbaku ni ndugu wa nyanya na kuna virusi vinavyohama kwa njia hiyo. Majani yaliyokatwa yachomwe au yafukiwe mbali, yasiingie kwenye shimo la mboji.

Kisha maji. Yamwagwe asubuhi, kwenye udongo na si juu ya majani. Chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko kwa msumari inatosha, na mtoto wa miaka saba anaiweza vizuri kuliko keni kubwa. Ndoo zisogezwe zisigusane, upepo upite katikati. Na zitazamwe zilipokaa. Wengi huzipanga kwenye mstari ule ule ambapo maji ya paa hudondokea, wakidhani wanaokoa maji. Kila tone linalotoka kwenye bati hupiga udongo, na tope linarukia majani ya chini pamoja na mbegu za ukungu. Ndoo ziingizwe ndani kidogo ya baraza au zitolewe mita moja nje, na udongo ufunikwe kwa nyasi kavu au mapumba ya mpunga.

Baada ya hapo, subira ya siku tano. Simu inayotumika kusoma ukurasa huu ina kazi hapa: picha ya mche mzima, ya jani kwa juu na ya jani hilo hilo kwa chini, kila asubuhi mwanga ukiwa mzuri, sarafu ikiwekwa pembeni ili ukubwa wa doa ueleweke. Siku ya tano picha zilinganishwe. Jani jipya kabisa likiwa safi, mche unapona na madoa ya zamani yasimsumbue mtu, kwani doa halifutiki kwenye jani. Madoa yakiwa yamepanda hadi majani mapya, mche huo hautafika Januari na unawaweka wenzake hatarini. Picha hizo hizo zikitumwa kwa afisa ugani wa kata, atasema mengi zaidi kuliko jani lililosinyaa ndani ya gazeti.

Kuna njia moja ya ugonjwa kuingia nyumbani ambayo watu huona haya kuizungumza, nayo ni zawadi. Shangazi anashuka kutoka Lushoto na kikapu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea miche ya kwetu Mlalo, ipande leo leo ingali hai."

Nani atageuza jani mbele ya shangazi? Lakini milima ya Usambara ina baridi na ukungu wa hewani, na huko bakajani chelewa iko nyumbani. Jani hupata baka kubwa la kijani kilichofifia kama limemwagiwa maji ya moto, kisha huwa jeusi, na asubuhi ya unyevu chini yake huonekana utando mweupe kama pamba. Ni ugonjwa ule ule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu karibu milioni moja. Joto la Tanga mjini halimpendezi sana, ila miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti anaweza kupata nafasi. Shangazi ashukuriwe, miche ipandwe siku hiyo hiyo kama alivyosema, lakini kwenye ndoo zake yenyewe, uani, mbali na ile ya barazani, kwa siku kumi. Hakuna adabu iliyovunjwa.

Jamaa wa nyanya waangaliwe pia. Pilipili, bilinganya, ngogwe, viazi mviringo na hata mnavu unaoota wenyewe pembeni ya choo ni ukoo mmoja, na magonjwa kadhaa huhama kati yao. Udongo uliotoa bilinganya msimu uliopita usiwe kitalu cha nyanya msimu huu.

Dawa ina mahali pake. Mwenye kitalu cha miche 500 ya kuuza, akiwa na uhakika kuwa ni ukungu, anaweza kuhitaji mankozebu, na kwa bakteria dawa zenye shaba. Zote mbili hulinda majani ambayo bado ni safi. Haziponyi lililokwisha kuugua, na dawa ya ukungu haimgusi kantangaze hata ikipigwa kila siku. Chombo kiwe kimefungwa na kiwandani, lebo iitaje nyanya, iwe na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Chini ya lebo kuna mstari wa rangi: nyekundu ni sumu kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani. Hata yenye kijani ni sumu. Chupa ya soda haina mstari wala namba, na mtoto mwenye kiu haijui kwa jina jingine zaidi ya soda.

Siku ya kupiga dawa watoto wapelekwe kwa jirani, kuku wafungiwe, mchicha uliokaribu uchumwe kabla au ufunikwe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mabaki yasiwekwe uvunguni wala juu ya kabati la vyombo, yafungiwe kwa kufuli. Chupa tupu haitunzi mafuta ya taa wala maji ya kunywa hata ikioshwa mara kumi.

Ikitokea mtoto amekunywa au kumwagikiwa, dalili za sumu nyingi za wadudu ni mate kumtoka, jasho, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kutetemeka na kupumua kwa shida. Nguo zivuliwe mara moja, ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Asilazimishwe kutapika. Asinyweshwe maziwa, ingawa kila jirani atakayefika atayapendekeza. Maziwa si dawa ya sumu, na mtoto aliyelegea yanaweza kumpalia. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu au Bombo, na chupa ya dawa ipelekwe pamoja naye, kwa sababu daktari atataka kujua ni nini alichokunywa.

Kuhusu miche iliyong'olewa, hesabu haijaharibika sana. Nyanya huchipua ndani ya siku tano hadi kumi. Aliyepoteza kitalu katikati ya Oktoba na kusia upya wiki hiyo hiyo, kwa udongo mpya na ndoo zilizosuguliwa kwa sabuni na kukaushwa juani, atahamisha miche katikati ya Novemba, vuli ikiwa bado inanyesha, na kuchuma mwanzoni mwa Februari. Mbegu zilizobaki zifungwe kwenye chupa ndogo kavu yenye kifuniko na kuwekwa mahali pasipo na joto la jiko, kwani pakiti iliyoachwa wazi kwenye unyevu wa pwani haichukui muda mrefu kupoteza uwezo wa kuota.